Masikio ya Ng'ombe

Mererid Pugh alipika shuleni mpaka akastaafu, lakini pale kijijini Rhydwen alijulikana kwa kazi nyingine isiyo na mshahara: yeye ndiye aliyekuwa msoma ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe ni jiwe jeusi lenye umbo la kichwa cha ng'ombe, katikati ya mto Llwydan, chini kidogo ya daraja. Pua ikiwa kavu, maji haba, mitumbwi itakwaruza mawe tu. Pua ikilowa, ng'ombe anakunywa, watu washuke mtoni. Masikio yakizama, ng'ombe amekufa maji, na chama kizima cha wapiga kafi kinakwenda mkahawani kula keki.

Ilikuwa hivyo kila Jumapili, tangu wavuvi wa samoni wafunge msimu wao hadi baridi kali iingie. Na sheria ilikuwa moja: msoma ng'ombe habishiwi.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Jumatano angepasuliwa bega, na daktari alishasema asishike kafi tena maishani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Walipofika darajani, mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Masikio hayo hapo, Bi Mererid," alisema Gethin, fundi bomba. "Nayaona kama ninavyoiona pua yangu."

"Pua yako inaonekana hata kutoka Cardiff. Masikio mimi sijayaona."

"Mimi nimeyaona," alidakia Lowri, mwalimu. "La kushoto hasa."

Mzee Ianto, aliyekuwa amesahau miwani nyumbani, akaapa kwamba ameyaona yote mawili.

Hapo Mererid akaelewa. Watu hawa hawajapata kukubaliana juu ya jambo lolote, hata keki ya kuagiza, na leo wote wanaona masikio. Akainama tena ukingoni mwa daraja. Povu tupu. Aliutaka mto ule kuliko siku zote alizowahi kuutaka, na neno lake moja lingetosha.

"Amekufa maji," alisema. "Twendeni tukale keki."

"Tungeshuka polepole tu, mama," alisihi Gethin.

"Sisi polepole, na maji je? Nyinyi waongo, Gethin, na nawapenda. Lakini siziki mtu kwa ajili ya bega langu."

Kwa mazoea wakaanza kufungua kamba za mitumbwi, kisha wakakumbuka kwamba leo inabaki juu ya magari, wakazifunga tena. Mererid alilia kidogo ndani ya gari lake, akapangusa uso, akaenda kula keki. Ilikuwa kavu, na alilalamika kama kawaida.

Jumatatu mvua ikakatika. Jumanne asubuhi alipita darajani akitoka kununua nguo ya kulalia ya kwenda nayo hospitali. Masikio yalikuwa juu, pua imelowa vizuri. Maji yalikuwa mazuri hata yakamtia uchungu. Watu wote walikuwa kazini, na mtoni haendi mtu peke yake. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe.

Akatoa simu, akawatumia wote ujumbe uleule wa miaka yote: Ng'ombe anakunywa.

Wa kwanza kujibu alikuwa Gethin, akiwa amelala chini ya sinki la mtu. "Kweli, au kama tulivyomwona sisi Jumapili?"

"Kweli," aliandika Mererid, akaenda nyumbani kufunga mkoba.