Haki ya Marhoon, Toleo la Tatu

Marhoon alikuwa mwanamume mwadilifu, na kama hujui, Marhoon mwenyewe atakwambia. Alikuwa na wake wawili na ukurasa mmoja wa intaneti, na kote kuwili alitaka watu washuhudie kuwa mizani yake haiinami. Kheiria, mkewe mkubwa, ameishi chini ya mizani hiyo miaka na miaka, na siku hizi kila akiinua macho huiona imelala upande wa Mabela, anakokaa mke mdogo.

Kheiria alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati hajang'oka meno ya utoto. Mama yake akikaanga sambusa katika nyumba ya kichochoroni nyuma ya soko la Matrah. Ndugu zake walipokwenda skuli, yeye alibaki kusukuma manda za kufungia sambusa, kwa sababu mmoja lazima abaki, na yeye ndiye aliyekuwa karibu na jiko. Herufi za Kiarabu alizijua kwa juzuu chache alizosoma chuoni. Za kizungu alizitambua kama mtu anavyowatambua majirani asiosemezana nao. Lakini manda yake ilikuwa nyembamba hata ukiinyanyua unaona vidole vyako upande wa pili, na hilo hakufunzwa na mwalimu yeyote.

Marhoon alipomposa alikuwa mwanafunzi wa kompyuta asiye na kitu ila miwani. Kheiria akakaanga, Marhoon akasoma. Siku ya mahafali alipiga picha na mama yake, na mjomba wake, na jirani mmoja aliyewapa gari. Kheiria hakuwemo. Alikuwa nyumbani anawakaangia waliokuja kumpongeza.

Akapata kazi ya kutunza kompyuta za ghala moja huko Rusayl, na jioni akirudi, mbali na binti yao Wadha, alikuwa na mtoto wake mwingine wa kulea. Mtoto huyo aliitwa plagini. Kheiria alielezwa mara nyingi sana hata akaweza kuwaeleza wengine: ni kijiprogramu cha JavaScript unachokipachika kwenye ukurasa wa mtu, kikafanya kiboksi kimoja kiwe kinabadilisha kilichomo, picha hii itoke, ile iingie, na ukurasa wenyewe usitikisike. Sifa yake kubwa ilikuwa wepesi. Marhoon aliusifu wepesi huo mbele ya wageni kama wengine wanavyosifu mchele wao. Hakijazi simu, alisema, hakichelewi, mtu hata hajui kama kipo. Alikitoa bure kwa dunia nzima, na siku mtu wa Brazili alipomwandikia ahsante, alitembea na ujumbe ule msikitini, harusini na hitimani.

Ndipo alipoiona biashara ya mkewe, sambusa za kuagizwa kwa simu.

"Mama Wadha, zama za kupigiana simu zimepita," alimwambia. "Wateja wako n'tawahamishia ukurasani. Watu wanaona picha, wanabonyeza, kazi imekwisha."

"Wateja wangu wananijua sauti."

"Sauti haina picha."

Kheiria akakubali, kwa kuwa mwanamke akikataa jambo asilolisoma huambiwa ni ujinga. Ile laini yake ya zamani ya simu ikafungwa. Kila aliyekuwa akimpigia akaambiwa aende kwenye ukurasa, na ukurasa ukaitwa Jiko la Kheiria, na kiboksi kilizungusha sambusa zake, kachori zake na mkate wake wa kumimina. Ulipendeza, asiseme uongo. Mwaka haukuisha Marhoon akamuoa Noof, na Noof alikuwa akioka keki.

Khabari ya ndoa na khabari ya ukurasa alizileta pamoja, kama muuza tende anayekuongezea kipande. Ukurasa sasa utaitwa Jiko la Nyumbani. Kiboksi kitabaki kimoja, wake watapokezana.

"Kama zamu," alisema Marhoon, na uso wake ulinawiri. "Muda sawasawa kwa kila mmoja, hata nukta haizidi. Hakuna mume Maskati nzima aliyewahi kuwapimia wakeze hivi."

Hilo lilikuwa toleo la kwanza. Haikupita wiki, Shaikha, shoga yake Kheiria aliyekuwa akiagiza sambusa tangu enzi za simu, akamwambia kuwa kila akifungua ukurasa hupokewa na keki. Kheiria akamuuliza mumewe.

"Hiyo ni kawaida ya programu tu," alisema Marhoon. "Kilichoongezwa mwisho hutangulia."

"Naona," alisema Kheiria. "Si ya programu peke yake."

Marhoon akafikiri siku kadhaa akatoa toleo la pili. Sasa kila mtu akifungua ukurasa, kiboksi kinapiga kura nani aanze. Alileta na ushahidi wa kura katika sunna, akausoma kwa Kiarabu chenye madoido, na mtu wa Brazili akamwandikia tena. Hapo akaja kulalamika Noof. Alikuwa amefungua ukurasa mara tatu mbele ya mama yake, na mara zote tatu zimetoka kachori. Mama akauliza kama binti yake ameolewa au ameajiriwa kumtangazia mke mwenzake.

Kwa hiyo, Shaabani ilipokuwa ukingoni, Marhoon aliwakusanya wote wawili barazani kwa Kheiria kuwaonesha toleo la tatu. Noof alikuja na keki, maana hakuwa na adabu mbaya, kosa lake lilikuwa umri mdogo tu. Kheiria akatoa kahawa na sambusa. Marhoon akaifungua kompyuta juu ya meza kama mtu anayefunua sinia ya biriani.

"Sasa kiboksi kina kumbukumbu," alisema. "Mteja akifungua, kinakumbuka mara ya mwisho alinunua nini, kinamwekea hicho hicho mbele. Mimi simo, kura haimo. Mteja mwenyewe anachagua, na anapata haki yake."

Kheiria akapiga hesabu. Ramadhani ndiyo iliyobeba mwaka wake mzima. Mwezi ule akipika vizuri, nyumba yake ilisimama bila kumuomba Marhoon hata gesi. Mwezi ule ukimpita, wateja wangezoea jiko jingine, na yeye hakuwa tena na laini ile wala namba ya mteja hata mmoja wa kumwita arudi.

"Mara ya mwisho walinunua nini?" aliuliza.

"Kina nani?"

"Wateja, Baba Wadha. Shaabani nzima watu wameoza watoto wao, na watoto wa skuli wamepewa vyeti. Wamenunua nini?"

Marhoon akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

"Keki," alisema Noof, akiangalia kikombe chake.

"Basi siku ya kwanza ya saumu kila mtu atafungua ukurasa apate keki."

"Anayetaka sambusa atasogeza," alisema Marhoon. "Vipo vidoto hapa chini, unabonyeza, inakuja."

"Mtu kafunga tangu alfajiri, kichwa kinamgonga, ndiyo akatafute vidoto."

"Nimekusikia, Mama Wadha. N'talitazama katika toleo la nne."

"Litatoka lini?"

"Baada ya Idi, inshallah. Mambo haya hayaendi mbio."

Kheiria akammiminia mumewe kahawa nyingine.

"Wewe ni mtu wa haki," alisema. "Nna suala. Mke anaweza kumpa mwenzake zamu yake?"

Marhoon alipenda kuulizwa masuala. Akajibu kuwa inajuzu, akaeleza kwa dalili, akaeleza na masharti, akaeleza kuwa ni dalili ya moyo mkubwa.

"Alhamdulillahi. Basi sikiliza suluhu yangu. Zamu zangu za usiku, zote, nampa Noof. Na mimi nipewe kiboksi Ramadhani nzima. Kikifunguliwa kianze na mimi, na kikiganda kigande kwangu."

Marhoon alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi na kofi kwa mkono mmoja. Mwishowe zawadi ilishinda, maana alimgeukia Noof akitabasamu, kama anayemletea khabari njema.

Noof akaweka kikombe chini.

"Dada Kheiria, samahani. Hizo mimi sizichukui."

"Unapewa bure, mwanangu."

"Hata bure. Wewe unazijua zilivyo. Anakaa na kompyuta tumboni, mtu umeshalala anakugusa bega. 'Umekiona kilivyopita?'"

"'Sasa tazama tena,'" alisema Kheiria.

"'Hapa kimekwenda pole zaidi.'"

"'Hata Brazili hawana hiki.'"

Wakatazamana. Walikuwa na mume mmoja tangu harusi ya Noof, lakini hapo ndipo walipokuwa wake wenza kweli.

"Mimi nkwambie ukweli," aliendelea Noof, "nilikuwa nakusudia kuja kukupa wewe zamu zangu mbili, unipe kiboksi siku za Idi. Idi watu wanataka keki."

"Idi chukua, bibi. Huhitaji kuongeza kitu."

"Na zamu?"

"Zamu abaki nazo mwenyewe."

"Mimi nipo hapa," alisema Marhoon.

"Tunakuona, bwana," alisema Kheiria. "Kahawa yako inapoa."

Marhoon akajikusanya. Akasema kuwa jambo hilo haliwezekani kitaalamu, kuwa kijiprogramu hakiwezi kumpendelea mtu kwa mwezi na mwingine kwa mwezi, kuwa haki haitazami kalenda, na kuwa yeye hatabomoa kazi ya miaka kwa ajili ya sambusa. Neno hilo la mwisho alilisema kwa wake wawili, mmoja alimsomesha kwa sambusa, na mwingine alikuwa na kipande cha sambusa hizo mkononi.

Noof akamalizia kutafuna.

"Basi mimi natoa picha zangu zote," alisema. "Dada Kheiria naye atoe zake. Kiboksi kitabaki, na zamu zake sawasawa. Sijui kitazungusha nini."

Hapo ndipo Marhoon alipoguswa. Mke kukasirika alishaona. Mke kuikataa zamu, alikuwa anaona sasa. Lakini ukurasa huo ndio aliokuwa akiupeleka kwa dunia kama mfano, wenye kutaka kuona kijiprogramu chake kinavyofanya kazi walielekezwa huko, na akiwaza kiboksi kile kikizunguka kitupu mbele ya mtu wa Brazili, jasho lilimtoka barazani na kiyoyozi kinavuma. Akaiburura kompyuta karibu. Lililokuwa haliwezekani mpaka baada ya Idi likawezekana kabla ya alasiri.

Aliandika na maelezo ya toleo jipya, kama desturi yake. Wadha alimsomea mama yake kwa simu. Yalisema kuwa kuanzia sasa maudhui yatafuata misimu, na kuwa hilo ni wazo la mtunzi mwenyewe, baada ya utafiti wa muda mrefu kuhusu mahitaji ya wateja.

"Nimwambie afute, mama?"

"Mwache. Wateja wetu hawaji kwa maelezo."

Na walikuja kweli. Siku ya kwanza ya Ramadhani kila aliyefungua ukurasa alipokewa na sinia ya sambusa za Kheiria, na maagizo yakafululiza hata akamwita Shaikha aje kumsaidia kukunja. Alikaanga kwa saumu yake, pua juu ya mafuta, na moyo wake ulikuwa umetulia kama ambavyo haujawahi kutulia.

Karibu na alasiri likaingia agizo la Mabela. Shaikha akalisoma kwenye simu, kisha akalisoma tena polepole. Noof anataka sambusa za nyama, Marhoon anafuturu kwake leo, na yeye manda zimemshinda.

"Haya," alisema Shaikha, akiuvuta mkebe wa pilipili. "Mungu kakuletea mwenyewe. Mtie huyo mumeo mpaka azione hizo apdeti zake angani."

Kheiria alilitazama bakuli la nyama. Alifikiri, na alifikiri kwa raha. Kisha akauchukua mkebe akaurudisha kabatini.

"Akila kwa mkewe aseme sambusa za Kheiria zimeharibika?" alisema. "Hilo simpi. Nipe manda."