Zamu ya Kuitazama Zohali

Mume wangu alifundisha jiografia maisha yake yote ya kazi, na kila mwaka aliichora sayari ya Zohali ubaoni kwa chaki, duara kubwa kama sahani ya wali, na pete imeizunguka. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Aliniambia hivyo akicheka, lakini najua ilimkera. "Nawafundisha watoto kitu nilichosimuliwa," alikuwa akisema. Mimi ni fundi cherehani, nikamjibu kwamba nimeshona magauni ya harusi ya nusu ya Tukuyu na mimi niliolewa kwa kitenge, basi atulie.

Tulikuwa watu wa miwani moja. Yangu ilivunjika zamani, na tulipogundua kuwa yake inanifaa, hatukuona haja ya kununua nyingine. Jioni nilisoma Biblia yangu, nikaivua, nikanyoosha mkono bila hata kumtazama. "Haya, zamu yako." Naye akaipokea na kusoma gazeti lake la juzi. Tukigombana, niliishikilia miwani kwa makusudi nikasoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai, ili tu akae bure.

Alipostaafu, mtoto wetu wa kiume aliyeko Dar es Salaam alimtumia darubini. Ina kompyuta ndani, na rimoti iliyounganishwa kwa waya. Unachagua sayari au nyota unayoitaka, nayo inajigeuza yenyewe kuitafuta. Boksi lilikuja kwa basi, tukalitoa stendi kwa bajaji likiwa limefunikwa turubai, kwa sababu ulikuwa mwezi wa pili na mvua ilikuwa inamwagika. Mvua yetu ya Rungwe haina adabu. Ilinyesha mwezi wa pili, ikanyesha wa tatu, wa nne ikazidisha. Mume wangu alikaa barazani na kitabu cha maelekezo, akakisoma mpaka kurasa zikalegea, akingoja jioni moja tu ya mbingu wazi. Mwezi wa tano, asubuhi, alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, akaanguka. Hakuamka tena.

Mawingu yaliondoka wiki ileile ya msiba. Nilitoka uani kuchota maji, nikainua uso, nikakuta nyota zimejaa. Nilizichukia. Nilizichukia kama mtu anavyomchukia mgeni aliyealikwa mara kumi akaja siku chakula kimekwisha.

Hapa kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake. Vijana wa jirani walifyeka migomba nyuma ya nyumba kupata nafasi ya kaburi, na baadaye mtoto wetu akaleta fundi akalijengea kwa saruji na vigae, na sakafu ndogo kulizunguka. Kisha watu wakaondoka, mmoja mmoja, kama inavyokuwa. Mtoto alirudi kazini. Wanawake wa kanisani walikuja Jumatano, halafu Jumatano moja na kuacha moja, halafu wakawa wananipungia mkono barabarani. Siwalaumu, kila mtu ana shamba lake. Nilibaki na miwani peke yangu. Niliweza kuivaa kuanzia asubuhi mpaka naingia kitandani, na hakuna mtu aliyeidai.

Mwezi wa kumi mtoto alipiga simu kuniambia kwamba Krismasi atakuja kunichukua nikaishi kwake. Nikamuuliza kama huko Dar nyota zinaonekana. Akasema taa ni nyingi mno, hajawahi kuangalia. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilivuta boksi kutoka chini ya kitanda. Mambo ya nyota hayakunihusu. Nilitaka kitu kimoja: niione Zohali kwa niaba yake, kabla mvua haijarudi na kabla sijaondolewa hapa. Mtu amesubiri miaka yote ile, haiwezekani nyumba nzima iishie kutokuona.

Kiingereza changu ni cha kuhesabia vifungo, kwa hiyo nilipiga picha kurasa za kitabu, mtoto akanieleza kwa simu. Darubini inataka mahali tambarare, akasema, na mbingu iwe wazi juu yake. Nikacheka peke yangu. Nyumba yetu iko mteremkoni, upande wa kwenda Masoko, na migomba imetuzunguka hata kutoka barazani huoni mbingu, unaona majani. Mahali palipo tambarare na wazi pale kwangu ni pamoja tu, kaburini. Fundi alipapima kwa pima maji, na vijana walikuwa wameshafyeka.

Basi nikaisimamisha pale, miguu yake mitatu juu ya ile sakafu, hatua moja kutoka kwenye vigae. Nikaleta kigoda. Nikamwambia mume wangu asogee.

Giza lilipoingia niliwasha. Rimoti iliuliza tarehe, nikaandika. Ikauliza saa. Nilitazama saa ya ukutani kupitia mlango wa nyuma, ilikuwa saa mbili usiku, nikaandika mbili. Kisha ikanitajia nyota mbili za kuanzia, maana kabla ya kutafuta chochote inataka kuonyeshwa nyota mbili ili ijue yenyewe iko wapi. Ikaanza kujigeuza, inanguruma polepole kama cherehani inayozungushwa kwa mkono, ikasimama imeelekea migomba ya upande wa jiko. Nikachungulia. Majani. Nikaona labda nyota iko nyuma yake, nikabonyeza kukubali. Ya pili, vivyo hivyo. Nilipochagua Zohali, ikageuka kidogo tu ikabaki kwenye migomba ileile.

Jioni tatu mfululizo nilifanya hivyo, na jioni tatu Zohali ilikuwa nyuma ya migomba ya jikoni. Nikaamini. Mashine ya kompyuta, nani mimi wa kubishana nayo? Siku ya nne nilichukua panga nikakata migomba mitatu, mmoja ukiwa na mkungu mchanga. Mume wangu aliijua migomba yake mmoja mmoja. Hata hivyo nilikata.

Jirani yangu, mama mtu mzima kuliko mimi, alisikia akaja.

"Ugonile, mwanangu," alisalimia, kisha akauona ule mkungu chini. "Mwe! Umekata na wenye mtoto? Nani kakukosea?"

"Shikamoo mama. Nataka kuona nyota."

"Nyota?"

"Moja. Iko nyuma ya migomba."

Aliitazama darubini niliyoifunika kwa kanga, akalitazama na kaburi. "Mwanangu," akasema taratibu, "unakula vizuri lakini?"

Nikamwambia nakula. Nikamwambia aje jioni tutazame pamoja, na nilipokuwa nasema hivyo nikajishangaa jinsi nilivyotaka akubali. Akacheka, akasema macho aliyobakiza yanamtosha kuona anapokanyaga. Aliomba vigogo vya migomba kwa ajili ya ng'ombe wake. Nikamsaidia kuvibeba mpaka kwake, nikarudi.

Jioni ile pengo lilikuwa wazi. Darubini iligeuka, ikatulia palepale ilipozoea, na mbele yake sasa hapakuwa na jani hata moja. Niliweka jicho. Giza. Nikazungusha kile kifundo cha kuifanya picha ionekane vizuri, mbele, nyuma. Giza tupu. Nikakaa juu ya kigoda changu na mkungu mchanga umelala pale kando, na hasira ikanipanda. Nilimgeukia mume wangu nikamwambia kitu chake hiki ni kibovu kama redio yake, kama baiskeli yake, kama kila kitu alichowahi kukisifia. Nikamwambia mwenye kusoma kitabu ni yeye, halafu kaondoka bila kunieleza chochote, ameniachia mvua na migomba. Nilisema kwa sauti. Sijui kama jirani alisikia. Nililia pale mpaka kanga ikalowa, na kumbe muda wote ule Zohali ilikuwa juu ya kisogo changu, inang'aa, upande ambao mashine haikuangalia hata mara moja.

Jumapili mtoto alipiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mashine yako imekufa."

"Nitumie picha ya kioo cha rimoti, ukishaandika kila kitu."

Nikamtumia. Akapiga tena baada ya muda mfupi, na nikamsikia anavyojikaza asicheke.

"Mama, hapa umeandika saa nane za usiku."

"Nimeandika saa mbili."

"Ndiyo. Kwa hiyo mashine, mbili ni saa nane za usiku. Saa mbili yetu inaandikwa ishirini, kama kwenye simu. Inaona kama usiku umeshakwenda mno, Zohali inashuka kuzama. Ndiyo maana inakupeleka huko chini."

Kila siku simu yangu huandika ishirini nami husoma mbili, kichwa kinageuza chenyewe bila kuniuliza. Sikuwahi kufikiri kwamba safari hii mwandishi ni mimi, na msomaji hajui lugha yetu ya saa. Kwa sababu ya tofauti hiyo ya saa sita nilikuwa nimekata migomba mitatu ya marehemu.

"Baba naye angekosea?" mtoto aliuliza, sasa anacheka waziwazi.

"Angekosea," nikasema. "Halafu angedai alikuwa ananipima."

Tulicheka wote wawili. Akasema vocha inaisha.

Kisha ukungu ukaja. Unashuka kutoka mlima Rungwe jioni, unakaa juu ya migomba, na asubuhi unakuta kila kitu kinadondosha maji. Kila jioni nilitoka na kigoda, nikakaa, nikarudi nacho ndani. Radi zilianza kusikika mbali, upande wa Ziwa Nyasa. Nilizijua. Wakulima walikuwa wameshaanza kutayarisha mashamba, na mimi peke yangu nilikuwa naomba mvua ichelewe. Sikumwambia mtu, wangenipiga mawe.

Jioni moja upepo ulivuma na ukungu ukapasuka. Nilikuwa nakoroga uji, nikauacha mekoni. Niliivua darubini kanga yake, nikawasha, nikavaa miwani ili niione rimoti. Tarehe. Saa: ishirini, na dakika zake. Ikanguruma, na safari hii ikainua shingo, ikapita juu ya mapengo ya migomba, ikasimama mahali penye nyota kweli. Nikaiweka nyota katikati, nikibonyeza kidogo kidogo kama ninavyosogeza kitambaa chini ya sindano. Nyota ya pili. Kisha nikachagua Zohali, na mashine ikageuka karibu juu ya kichwa changu, ikanyamaza, ikabaki na kile kisauti chake chembamba cha kuifuata.

Nilivua miwani, nikaishika mkononi, nikaweka jicho.

Kumbe ni kadogo. Miaka yote ile ubaoni kama sahani, kumbe ni kadogo kama punje ya mtama, kana rangi ya samli, kako peke yake kwenye weusi wote ule. Na pete ipo. Nyembamba kama uzi, imetokeza huku na huku. Nilikuwa nimedhani, nikiwa mkweli, kwamba pete ni maneno ya walimu. Nilizuia pumzi isitetemeshe kitu. Ikapita katika kichwa changu kwamba alichora sawasawa, kwamba hakuwadanganya watoto hata kidogo, na furaha ikanijaa hata nikatabasamu na jicho likiwa palepale.

Nikainuka kwenye kigoda. Nikakipangusa kwa ncha ya kanga. Nikasogea upande, na kwa mazoea ya miaka, bila kutazama, nikanyoosha mkono wenye miwani.

"Haya," nikasema, "zamu yako."

Mkono ukabaki hewani. Vigae viling'aa kidogo kwa mwanga wa rimoti, na uji ulikuwa unaungua jikoni, nilisikia harufu yake. Kigoda kilikuwa kitupu, na ile mashine ilikuwa inaendelea kuifuata Zohali taratibu, inaishikilia katikati, kwa ajili ya mtu anayefuata. Niliiweka miwani juu ya kaburi. Sikuzima kitu, nikasimama kando nikingoja mpaka betri ikaisha yenyewe.