Mistari ya Chaki kwenye Madumu

Muonjaji wa rubisi pale sokoni Muleba husukutua kwanza kwa maji, kisha hupiga funda moja la pombe hiyo ya ndizi, hulizungusha mdomoni macho yakiwa chini, halafu hulitema. Huchukua chaki na kuchora mistari kwenye dumu: lenye mitano ni la harusi, lenye mmoja hupitwa hata na walevi. Leo dumu la Ephrasia lilipata miwili, naye akanuna mchana kutwa. Soko lilipoanza kuvunjika, mzee yule muonjaji akaja na kibuyu chake, akayapita madumu ya mistari mitano, akakikinga kwenye lile la Ephrasia.

“Si umenipa miwili, Tata?” Ephrasia akamuuliza.

“Mistari ni ya wanunuzi, mwana wange. Mimi nina kiu.”