Kipande cha Kitoga

Kila nikisikia harufu ya samaki aitwaye kitoga akikaangwa, naikumbuka Kwaresima ya kwanza ya mama wa kambo hapa Mlabani. Nilikuwa nimekonda kwa homa. Alinipikia samaki huyo, mwenyewe akala wali mtupu. Majirani walishaniambia mama wa kambo huwatilia watoto sumu.

"Mbona wewe huli samaki?"

"Nimemwacha mpaka Pasaka, mwanangu. Namwomba Mungu upone."

"Muongo!"

Baba akanyanyuka. "Mwache," mama akamwambia. Akamega kipande kikubwa cha samaki wangu, akatafuna huku machozi yakimlengalenga. Nikasubiri aanguke. Hakuanguka, nikavuta sahani.

Jumamosi alikwenda kuungama kwa padri kile kipande alichokula. Nilimfuata mpaka mlango wa kanisa, nimeshika kitenge chake.