Mistari Miwili Mitupu

Katikati ya miaka ya tisini nilimaliza darasa la nane, karo ya sekondari ikakosekana. Mjomba wangu akanipa kazi ya kushika daftari la mabadiliko kwenye mjengo wa zahanati ya kanisa, upande wa Gachoka. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafundi, na kwa kazi hiyo alilisha nyumba yake na yetu. Alinichagua kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa safi. Hakujua kwamba niliandika polepole.

Kila Ijumaa injinia alikuja kutoka Embu, akapita kwenye kuta akitaja mambo yaliyobadilika kwenye michoro. Nilimfuata nikiandika, kaboni ikiwa chini ya ukurasa. Akimaliza tulitia sahihi, yeye akaondoka na nakala, daftari likabaki kwetu. Mjomba alikuwa na sheria mbili: kisichoandikwa daftarini hakijengwi, na nafasi ikibaki tupu ipigwe mstari, mtu asije akaongeza neno baadaye.

Ijumaa moja injinia alitaja mabadiliko manne, nikayapata yote. La tano alilisema akifungua mlango wa gari, na mafundi walikuwa wakichonga mawe karibu yetu. Nilisikia kwamba kuna mlango wa kupanuliwa. Mlango upi, sikushika.

"Umeandika yote?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema, nikiangalia viatu vyake.

Niliacha mistari miwili mitupu ili nimuulize akija tena, tukatia sahihi chini yake. Ijumaa iliyofuata alikuja na watu wa kamati ya kanisa, nikaona haya kuuliza mbele yao. Iliyofuata pia sikuuliza. Fundi mmoja wa Laare, shavu limejaa miraa, aliniona nimeukodolea macho ukurasa ule.

"Karani, hiyo kalamu imelala ama imekufa?"

Wenzake wakacheka. Jioni hiyo nilipiga mstari kwenye ile nafasi, nikafunga daftari.

Kuta zikapanda. Zege ya linta, ile boriti ya juu ya milango, ilipokwisha kukauka, injinia alipima mlango wa chumba cha kujifungulia, akapima tena, akamwita mjomba.

"Kitanda cha magurudumu hakipiti hapa. Nilisema upanuliwe."

"Daftari halisemi hivyo, Injinia."

Mwenyekiti wa kamati alikuwepo. Akasema kama kosa ni la msimamizi, watatafuta msimamizi mwingine.

Injinia alitoa nakala yake kwenye mkoba, akailaza kando ya daftari. "Kwangu hapa pako wazi. Huu mstari umetoka wapi?"

Mjomba akacheka. "Injinia! Umeshindwa na mlango, sasa unagombana na mstari?"

Mafundi nao wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alinigeukia.

"Binti, alisema ama hakusema?"

Mjomba hakuwa na wasiwasi wowote usoni. Alikuwa akinitazama kama mtu anayengoja kusikia jambo analolijua.

"Sikusikia mlango ukitajwa," nikasema.

Injinia alinitazama kidogo, akakunja nakala yake taratibu, akairudisha mkobani. Kabla paa halijaezekwa, kamati ilikuwa imemtoa kazini.

Mafundi walivunja linta kwa siku mbili. Kila nyundo ilipogonga nilishtuka, ingawa nilijua inakuja. Mjomba alininunulia soda kwenye kioski.

"Unaona kazi ya kuandika?" akasema. "Umeniokoa, mtoto wangu."

Nikainywa hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa akinitazama.

Injinia mpya alikuja Ijumaa. Naye alisema haraka, pengine kuliko yule wa kwanza. Kwenye jambo la tatu nilipotea.

"Tafadhali rudia," nikasema.

Akarudia, polepole, huku akiangalia ukuta. Halafu akaendelea na la nne.