Samaki za Baruti

Daktari aliponilaza juu ya mashini ya kuvunja mawe ya figo, sikuwaza figo hata kidogo. Mashini ilinigonga mgongoni, ta, ta, ta, na kila pigo lilinirudishia puani harufu ya samaki zilizooza kwetu Nkanka, kando ya ziwa. Nikataka kutapika. Daktari akadhani ni woga, akanieleza polepole.

"Hili ni wimbi la mshtuko, baba. Linapita mu nyama bila kuikata, sababu nyama iko karibu sawa na maji. Likikuta jiwe, linalipasua."

Nikamwuliza, na likikuta hewa?

"Linararua. Njo maana naliepusha na mapafu."

Basi, ndugu yangu, hapo nikaelewa baruti ilivyoua samaki zetu. Samaki nyingi zina kifuko cha hewa tumboni.

Nililelewa na koko, mama mzazi wa baba yangu, juu kidogo ya ghuba. Asubuhi wavuvi walirudi wakiimba, koko anateremka na beseni kununua sambaza, zile samaki ndogo za ziwani, anazianika juu ya mawe, na mimi kazi yangu ni kufukuza kuku. Mchana zilikaangwa, tukazila na ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Zilizobaki aliziuza sokoni. Uniforme yangu ya shule, kalamu zangu, chumvi ya nyumbani, vyote vilitoka kwenye ghuba ile.

Kisha jirani yetu, aliyekuwa akipasua mawe ya barabara, akaanza kurudi nyumbani na baruti. Alipanda mtumbwi, akawasha, akatupa. Puu! Mlio wenyewe si mkubwa, kama gunia la muhogo limedondoka chumba cha pili. Maji yanageuka meupe, samaki zinaelea, macho yametoka nje. Yeye alichukua kubwa tu. Vitoto vya samaki, vidogo kama ukucha, viliachwa vikaoza ufukweni, nzi wa kijani wamejaa, na sisi tunapita peku, vinateleza katikati ya vidole. Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka kwa kinyaa.

Siku moja akatuletea ndoo nzima, eti ujirani. Koko akapasua samaki ya kwanza: damu imeganda, matumbo yamekuwa uji, nyama imeachana na mifupa. Akazitupa zote, akanawa mikono kwa majivu, akamfuata mpaka mlangoni kwake.

"Unaua batoto ba samaki kabla bakomae. Kesho tutakula nini?"

Jirani akacheka, akamwambia ziwa haliwezi kuisha.

Liliisha, ghuba yetu angalau. Wavuvi wakahamia mbali, nyimbo zikakoma. Koko, na mgongo wake ule uliopinda, akaenda Gashonga, mbali na ziwa, kulima maharage ya watu ili nisiache shule. Huko ndiko alikochoka, na huko ndiko alikofia.

Juma lililopita jirani yule wa baruti alikuja nyumbani kunipa pole ya ugonjwa. Sasa ni mzee wa heshima, kanisani anakaa mbele. Akaniletea tilapia ya kufugwa, imekaangwa vizuri, akaniwekea sahani magotini na kuhema.

"Zamani samaki zilijaa hapa, mwanangu. Sijui zilikimbilia wapi."

Nilitazama mikono yake, safi, vidole vyote vipo, baruti haikukata hata kimoja. Nikamwagia mbwa ile samaki, mbele yake.

"Koko alikuonya," nikamwambia.

Akanitazama, ameshangaa kweli.

"Koko gani?"