Simu Niliyoikataa Kwenye Lori la Chumvi

Nikisema nilijifedhehesha mbele ya Kilosa nzima mtadhani naongeza chumvi, lakini waliokuwepo wapo, wengine ni jirani zangu, na wakikutana nami sokoni mpaka leo huangalia pembeni kwanza ndipo wanisalimie, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kusimuliwa.

Mimi ni wa Magomeni, hapahapa Kilosa, na sikubebwa na mtu. Baba alikuwa wa reli, akafariki wakati mashirika yanauzwa na wafanyakazi wanapunguzwa, nami nikaondoka na begi moja la mtumba kwenda Unguja, nikafagia ufukwe wa hoteli, nikawa mhudumu wa baa, nikajisomesha jioni hadi nikapata stashahada ya utalii (stashahada, sio cheti, naomba tusichanganye). Huko ndiko nilikojifunza kaiti. Kwa wasiojua, kaiti ni tiara, lakini tiara kubwa kama paa la kibanda, unaifunga kiunoni kwa mkanda, unasimama juu ya ubao mdogo, na upepo unakuvuta juu ya maji kasi ya pikipiki. Nilivuka nayo kutoka Unguja mpaka Pemba, mtu wa bara, Msagara, nisiyejua kuogelea mpaka nilipokuwa na ndevu!

Wapinzani wetu walikuwa watu wa tanga. Wao ubao wao ni mkubwa, una mlingoti, na mtu anasimama ameshika tanga kwa mikono miwili. Tulipendana nao na kutukanana nao. Kila msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, tulishindana kuvuka, na walioshindwa waliwapikia wenzao supu ya pweza. Mkubwa wao alikuwa Sudi, Mzanzibari mwembamba, rafiki yangu kuliko ndugu, ingawa kutoka mdomoni mwake hungeweza kulijua hilo.

"Ewe Mikidadi," alizoea kuniambia, "tiara ni mchezo wa watoto. Upepo ukifa tanga langu litanifikisha polepole, wewe utabaki unaelea kama nazi."

"Na wewe umebeba mlingoti kama punda wa kubeba kuni," nilimjibu. "Nikifika ng'ambo nitakuchemshia chai, uikute imepoa."

Basi, nikarudi nyumbani. Watalii walikuwa wameanza kumiminika Mikumi, kila mwenye akili alikuwa anafungua biashara yake, nami nikafungua ofisi ndogo kando ya barabara kuu, nikapanga chumba nyuma yake. Ofisi ilikwenda vizuri. Kilichonishinda ni watu. Nilipokuwa mbali nilidhani nikirudi na elimu yangu barazani kwangu kutajaa, lakini nilikula peke yangu, nikaangalia runinga peke yangu, na nilipokwenda Kilosa kumsalimia mama, watu walinisikiliza dakika mbili halafu mmoja akakumbuka ng'ombe wa Wamaasai wameingia shambani kwake, mwingine akakumbuka sufuria jikoni. Nikasema labda ni kwa sababu hawaamini. Nilipozungumza habari za bahari, mjomba Shomari, kaka yake mama, ambaye kwetu neno lake ndilo la ukoo, aliuliza kwa upole, "Mjomba, unasema unarusha tiara? Na umri huo?" Watu wakacheka, na mimi nikaapa mbele yao wote kwamba msimu huo nitavuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo, niwe wa kwanza kuliko watu wa tanga, na nitarudi na picha. Nilichokuwa nakitaka, msinielewe vibaya, haukuwa ushindi. Nilitaka siku moja nikikaa barazani pa mama watu wasisimame.

Siku ya kuvuka kusi lilikuwa tamu. Tulikuwa sisi wa kaiti wachache na wao wa tanga wachache, na boti moja ya kutusindikiza, ambamo tuliacha simu na nguo zetu. Sharti lilikuwa moja tu, kila mtu abaki pale ambapo boti inamwona. Mimi nilikuwa mbele ya wote, nikageuka nikamwona Sudi nyuma yangu mdogo kama kipepeo, na badala ya kupunguza mwendo nikajiambia kidogo tu, niongeze kidogo tu, wanikute mchangani nimekunja nne.

Upepo ukafa. Haukupungua, ulikufa. Kaiti ikateremka taratibu kama shuka linaloanguka kutoka kwenye kamba, ikalala juu ya maji, na mimi nikazama mpaka kidevuni. Katika kuhangaika na zile kamba ubao ukanitoka miguuni, nikauona unakwenda zake, nikaufuata, nikauacha. Nikapanda juu ya kaiti (ina mirija iliyojaa hewa, inaelea kama mtumbwi) nikaketi. Nikapiga kelele nikamwita Sudi, halafu nikanyamaza, kwa sababu sauti ya mtu mmoja katikati ya maji yote yale ni kitu cha kutisha hata kwa mwenyewe. Mkondo ulikuwa unanipeleka kaskazini. Nilisoma dua zote ninazozijua, na zilipokwisha nikaanza kumsimulia mama habari za ofisi yangu, kwa sauti, kama vile ameketi ukingoni mwa kaiti ananisikiliza.

Baadaye upepo ukarudi kidogo, nikauinua upande mmoja wa kaiti kama tanga (ndiyo, kama tanga, Sudi angekufa kwa kicheko) nikasukumwa hadi nchi kavu, mbali sana na Bagamoyo, kwenye pwani tupu yenye nyayo za nyani. Nilitembea na kaiti begani mpaka nikakuta watu wanaovuna chumvi. Walinipa maji, shati, na nafasi kwenye lori lao la kwenda Chalinze.

Sasa sikilizeni hapa, maana aibu yote ilizaliwa hapa. Dereva wa lori, mtu mzima mwenye kofia ya kufumwa, aliitazama midomo yangu iliyopasuka na ngozi yangu iliyobabuka, akatoa simu mfukoni.

"Bwana mdogo, wenzako wanajua kama umepona? Piga. Salio lipo."

Namba niliyoikumbuka kichwani ilikuwa moja tu, ya Sudi. Nikamwona akilini Sudi yuko Bagamoyo, amekaa na wenzake, supu ya pweza mezani, anawasha kipaza sauti ili wote wasikie sauti yangu. Nikamwona anasema, "Nazi imepatikana!" Nikasema, "Ahsante, mzee, hawana wasiwasi, wananijua mimi."

Yule mzee akairudisha simu mfukoni, akawasha lori.

Sikupita Bagamoyo, na nyumbani sikwenda, ningekwendaje bila picha? Nilipata lifti hadi Mikumi, nikaingia usiku, nikajifungia chumbani nikingoja ngozi ya uso itulie. Na nawaambieni, sijapata kuwa mpweke kama siku zile. Nilisikia malori ya Iringa yakipita nje, nikasikia mbwa, lakini hakuna aliyenibishia hodi. Mama Asha wa mgahawa, ambaye kila asubuhi huniletea chapati, hakuja. Fundi baiskeli wa jirani hakufungua kibanda. Nikajiambia, umeona, Mikidadi? Mtu umenusurika kufa na hakuna hata anayekuuliza umelalaje. Nikawachukia wote, kwa jina, mmoja mmoja.

Ijumaa nikashindwa kuvumilia, nikapanda gari la Kilosa.

Kutoka stendi hadi kwetu ni mwendo mfupi, na kabla sijafika kona nikaona viatu. Viatu vingi mno nje ya nyumba ya mama, na turubai, na wanawake wanaochambua mchele, na moshi wa masufuria makubwa. Moyo ukapasuka. Nikajua mama amefariki nami nimejifungia Mikumi nikiuguza uso. Nikapita nyuma, kwa jirani, nikachungulia kwenye uwazi wa ukuta wa makuti.

Mama alikuwa hai. Ameketi kwenye mkeka, amejifunika kanga, mwenyewe hatazami kitu. Na katikati ya uwanja alikuwa Bi Kabula.

Bi Kabula ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa kwenye mashamba ya mkonge, na kwa hiyo ni mtani wetu, na mnajua kazi ya mtani kwenye msiba, ni kuwachekesha wafiwa kwa kumwigiza marehemu, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Alikuwa amevaa suti yangu ya mahafali, imegoma kufunga tumboni. Miguuni alikuwa amekanyaga ubao wangu wa kaiti! Mikononi shuka la mama ameligeuza tiara. Na vikombe vya kahawa vilikuwa vinazungushwa kwa wageni juu ya stashahada yangu, ile ya kwenye fremu niliyomtundikia mama sebuleni, wameifanya sinia.

"Mimi Mikidadi!" Bi Kabula alisema kwa sauti yangu hasa, na pua juu. "Msinisogelee, nina stashahada! Ninyi mnajua bahari? Bahari ninyi mnaijulia kwenye dagaa! Simameni niwasimulie. Jamani, mbona mnaondoka? Mama, mbona wanaondoka kila nikikaa?"

Watu wakacheka huku wanalia. Mama Asha wa chapati alikuwepo, analia. Fundi baiskeli alikuwepo. Mikumi yote yangu ilikuwa pale. Mjomba Shomari alikuwa amefunika uso kwa kofia yake. Na kwenye ukuta wa nyumba, peke yake, macho mekundu, alikuwa ameketi Sudi.

Mwenye akili angelia. Mimi nilimwona mtu mmoja anateremsha kikombe cha moto juu ya kioo cha fremu, nikatoka ukutani mbio, nikapaza sauti:

"Hiyo sio sinia! Hiyo ni stashahada!"

Jamani. Wanawake walikimbia, mmoja alipita juu ya sufuria la wali. Shehe aliyekuwa ndani alitoka akisoma dua kwa sauti. Bi Kabula peke yake ndiye hakukimbia, alinitazama juu na chini, akasema, "Marehemu, keti. Msibani kwako huruhusiwi kusema." Na mimi, badala ya kucheka, nikamfokea, nikamwita mwizi, mtani wangu, mbele ya ukoo, jambo ambalo hata mlevi wa Kilosa halifanyi. Mjomba akafumba macho.

Mama ndiye aliyenifikia kwanza. Alinishika uso, akanishika masikio, akanipiga kofi, akanikumbatia. Sudi alikuja nyuma yake, hakunigusa. Na mimi, sijui nilipatwa na nini, neno la kwanza nililomwambia ni hili:

"Nani alifika wa kwanza?"

Sudi akajibu, "Hapana aliyefika. Tuligeuza sote, wa tanga na wa kaiti. Tulikuwa tunakutafuta wewe. Tukaupata ubao. Tukakutafuta na kesho yake, na kesho kutwa yake. Kisha nikaja hapa kwa mama yako, nikamwambia kwa mdomo wangu huu. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye lori nilitaka kuiruka habari ya simu, lakini mama alikuwa ananitazama, nikaisema.

"Yaani ulipewa simu," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukaogopa kuchekwa."

"Ndiyo, mama."

Akanyanyua kanga yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Mjomba Shomari akasimama, akavaa kofia, akawaambia watu, "Tumshukuru Mungu, twendeni," na watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Hawakununa, walinipa mkono, "pole," "hongera," "tumshukuru Mungu," lakini walikwenda. Nyumba ilikuwa imejaa kwa ajili yangu, kama nilivyoitamani miaka yote, na mpaka alasiri nilikuwa nimeketi peke yangu juu ya mikeka mitupu nakula wali wa msiba wangu mwenyewe, maana ulikuwa mwingi na hakuna wa kuumaliza.

Asubuhi nilimsindikiza Sudi stendi. Nilimwambia anisamehe. Akasema amekwisha nisamehe, hilo halina shida. "Ila nimeshakulia, Mikidadi," akasema. "Machozi nimeyatoa yote. Sasa sijui niyarudishe vipi." Akapanda gari.

Mama alinyamaza wiki nzima, kisha akaniitia chai kama kawaida. Bi Kabula nilimwendea na jogoo, akampokea, na mpaka leo ananiita mume wake aliyefufuka. Kwa Sudi hapakuwa na jogoo wa kupeleka. Kusi likianza humpigia, huitika, huniuliza mvua za Kilosa zikoje, halafu tunaagana, na hakuna anayetaja tanga wala kaiti.

Nami nimejiapiza. Kuchekwa kunachukua jioni moja, kesho yake watu wanatafuta mwingine wa kumcheka. Lakini ukimwacha mtu akakuzika moyoni, usidhani ukitokea mlangoni unafukuliwa siku hiyohiyo. Mimi nangoja bado.